Nyama ya Kirusi katika Kapu la Mpwapwa

Chakula kiitwacho Stroganoff kimebeba jina la ukoo wa makabaila wa Urusi. Mwaka 1871 kilichapwa katika kitabu cha mapishi cha Elena Molokhovets: vipande vya nyama ya ng'ombe, haradali, supu na malai chachu. Divai inayotiwa na baadhi ya wapishi wa leo haikuwamo, hivyo Mwislamu anayeiacha hapunguzi asili yake. Cha kuangaliwa ni haradali ya chupa, kwani nyingine hutengenezwa kwa divai nyeupe. Soma karatasi yake kwanza.

Ugumu uko kwenye nyama. Warusi walitaka sehemu laini, ipikwe upesi. Ng'ombe wetu wa Mpwapwa aghalabu ametembea mno akitafuta malisho, na fedha ya wengi hufikia nyama ya mguu tu. Mishipa yake hulainika kwa joto la taratibu na la muda mrefu.

Mwenye jungu la umeme la kupikia polepole alitumie, saa saba au nane kwa moto mdogo. Asiye nalo atandike blanketi kuukuu ndani ya kapu kubwa. Kaanga vitunguu (hapa tunakihalifu kitabu), kisha kilo moja ya nyama hadi ipate rangi. Tia vijiko viwili vya haradali, supu ya kufunika nyama, na chumvi. Ichemke sana kwa dakika 45, kisha ingiza sufuria kapuni pamoja na kifuniko chake, uifunike gubigubi, wala usichungulie. Sufuria iwe imejaa. Iliyo nusu hupoa haraka.

Wakati wa Ramadhani, iingie kapuni baada ya Adhuhuri na itoke kabla ya Magharibi. Mama apate alasiri moja isiyo na moshi! Ikitoka, ichemshwe tena dakika kumi, maana nyama vuguvugu ni makazi ya vijidudu.

Badala ya malai chachu, chuja maziwa mgando kwa kitambaa usiku kucha. Yakoroge na kijiko cha unga wa ngano, uyazoeshe kwa mchuzi wa moto kidogo kidogo, ndipo uyamimine sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Yakichemka hukatika. Wenye ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, waliozalishwa katika kituo cha utafiti hapa kwetu kwa ajili ya maziwa na nyama pia, hawana haja ya kwenda mbali. Wali unafaa, lakini mimi huchagua ugali wa mtama.