Wavu Unaopita Mkono kwa Mkono

Timu ya chuo kikuu ikitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu Marekani, ngazi huletwa uwanjani na kusimamishwa chini ya ringi. Wachezaji hupanda mmoja mmoja na mkasi, kila mtu akakata uzi wake wa wavu. Makocha wasaidizi hufuata. Kocha mkuu hupanda mwisho, akakata nyuzi zilizobaki na kuuvaa wavu shingoni mbele ya mashabiki. Anayetajwa kuieneza desturi hiyo vyuoni ni Everett Case, kocha wa wanaume wa North Carolina State, tangu mwaka 1947. Wanawake waliirithi kama ilivyo. Ila kwenye benchi la University of South Carolina, mjini Columbia, wavu una safari nyingine baada ya kushuka kwenye ngazi.

Mwaka 1999 Carolyn Peck aliipa Purdue ubingwa, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji la juu la wanawake la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, akiwa kocha mkuu. Mwaka 2015, South Carolina walipofika nusu fainali kwa mara yao ya kwanza, Peck alimpa kocha wao, Dawn Staley, kipande cha wavu ule wa 1999 akitunze mpaka atakapopata wake. Staley alikitunza. Mwaka 2017 akawa bingwa. Sasa ilikuwa zamu yake kumpa mwanamke mwingine, na hapo ndipo alipoipanua mila: mwaka 2021 aliukata wavu wake vipande vipande, akawatumia wanawake weusi waliokuwa makocha wakuu wa timu za ngazi ya kwanza nchi nzima. Miongoni mwao walikuwamo watu anaokutana nao uwanjani kila msimu na kutafuta kuwafunga.

Anayetaka kuwaelewa makocha hawa aanzie hapo, kabla ya kuhesabu vikombe. Hawa ni watu wanaoishi kwa kupokezana.

Mizizi yake iko kwenye uhaba. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilivilazimisha vyuo vya Marekani kuwapa wanawake michezo, lakini haikuwapa makocha wa kuwafundisha wala mishahara ya maana. Mwaka 1974 University of Tennessee ilimkabidhi timu Pat Summitt, binti wa miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi. Hakukuwa na benchi la ufundi. Yeye ndiye alikuwa benchi lote. Alipostaafu mwaka 2012, akiwa tayari ameutangazia ulimwengu kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, alikuwa na ushindi 1,098 na mataji 8. Timu aliikabidhi kwa Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake tangu miaka ya 1970 na msaidizi wake tangu 1985. Baada ya Warlick akaja Kellie Harper, naye aliyekuwa mchezaji wa Summitt. Kwa miaka 50 mfululizo, nafasi ile haikutoka nje ya nyumba.

Kuna kisa kimoja ambacho makocha wa Marekani husimuliana mpaka leo. Septemba 1990 Summitt, mjamzito wa kukaribia kujifungua, aliruka kwa ndege ndogo hadi Pennsylvania kumshawishi msichana aitwaye Michelle Marciniak ajiunge na Tennessee. Msaidizi wake Mickie DeMoss alikuwa naye. Uchungu ukaanza wakiwa sebuleni kwa wazazi wa msichana. Wakiwa angani kurudi nyumbani, rubani alitaka kutua Virginia. Summitt akakataa: chuo cha Virginia ndicho kilichowatoa mashindanoni Machi ile, na mtoto wake hangezaliwa huko. DeMoss alibaki kando yake njia nzima, na mtoto akazaliwa Knoxville. Watu hukisimulia kama kisa cha ukaidi wa Summitt. Mimi humwangalia DeMoss. Huyo ndiye kocha msaidizi kwa tafsiri kamili ya kazi yenyewe. Na yule mlinzi mdogo wa Virginia aliyeisumbua Tennessee msimu ule jina lake lilikuwa Dawn Staley.

Staley alikulia katika nyumba za umma kaskazini mwa Philadelphia. Mwaka 1996, ligi mpya ya kulipwa ya wanawake ilipoanza Marekani, alichezea Richmond Rage chini ya kocha Lisa Boyer. Miaka michache baadaye Staley akawa kocha wa chuo cha Temple huku bado akicheza ligi ya WNBA, na mwaka 2002 akamwita Boyer aje kumsaidia. Boyer akaja. Mwalimu akakaa chini ya mwanafunzi wake. Waliondoka pamoja kwenda Columbia mwaka 2008, wakashinda michezo 10 tu na kupoteza 18 msimu wa kwanza, wakabaki pamoja hadi kufikia mataji matatu, likiwemo la 2024 ambalo timu ilishinda michezo yote 38.

Kwetu jambo hili lingehitaji kikao cha wazee. Mkubwa kumtumikia mdogo aliyemlea kazini huonekana kama kushushwa. Kwenye benchi lile haionekani hivyo, na si Boyer peke yake. Jolette Law alikuwa kocha mkuu wa Illinois kwa misimu mitano, kisha akarudi kuwa msaidizi, kwanza Tennessee, halafu South Carolina tangu 2017. Yeye mwenyewe alilelewa na C. Vivian Stringer: alimchezea Iowa, akamsaidia Rutgers. Stringer ndiye aliyekifikisha Cheyney State, chuo kidogo cha watu weusi, kwenye fainali ya kwanza kabisa ya wanawake ya NCAA, mwaka 1982. Kwa hiyo Law anapokaa kando ya Staley, ukoo mzima umekaa naye. Pembeni yake yupo Khadijah Sessions, aliyemchezea Staley hapo hapo Columbia, akarudi kuwafundisha wasichana waliovaa jezi aliyoivaa yeye. Vizazi vitatu katika safu moja ya viti.

Kazi yao ya kila siku ina taratibu zake, na karibu zote mtazamaji haoni. Kila mpinzani hukabidhiwa kwa msaidizi mmoja. Huyo ataangalia michezo ya mpinzani usiku kucha, ataandika ni nani apewe nafasi ya kutupa kutoka mbali na nani afungiwe njia ya mkono wa kulia, kisha atasimama mbele ya timu nzima kueleza. Mazoezini huwapanga vijana wa kiume, wanafunzi wa kawaida wanaojitolea, waigize mbinu za mpinzani huyo, maana ni warefu na wana nguvu. Timu ikishinda, kila mtu kwenye benchi anajua mchezo ule ulikuwa wa nani. Ikifungwa, anajua pia, wala hakuna anayemnyooshea kidole.

Tazama muda wa mapumziko mafupi unapoitwa. Wachezaji hukaa, lakini kocha mkuu hawaendei mara moja. Kwanza makocha hukusanyika hatua chache kutoka benchi, vichwa vimeinamishwa, kila msaidizi akisema aliloliona. Hapo ruhusa ya kubishana ipo, na nimewahi kuona kwenye matangazo msaidizi akitikisa kichwa waziwazi mbele ya mkubwa wake. Kisha duara huvunjika, kocha mkuu hupiga goti mbele ya wachezaji na kusema neno moja, lake. Aliyepingwa na aliyepinga sasa wana kauli moja. Ningependa kuona bodi nyingi zikifanya kazi namna hiyo.

Nje ya uwanja, msaidizi ana nafasi inayofanana sana na ya somo kwa mwari katika pwani yetu. Kocha mkuu hufoka. Msaidizi ndiye anayebaki na binti baada ya mazoezi, akamweleza maana ya kufokewa kule, akamuuliza kama amepiga simu nyumbani, akamsikiliza akilia kwa jambo ambalo huenda halihusu kikapu hata kidogo. Ndiye pia aliyempigia simu miaka miwili kabla hajafika chuoni, akajua jina la bibi yake. Uaminifu huo haununuliwi kwa siku moja.

Fedha zimekuja, na zilistahili kuja. Januari 2025 South Carolina ilimpa Staley mkataba mpya wa dola milioni 4 kwa mwaka. Ukikumbuka dola 250 za Summitt, utajua safari ilivyokuwa ndefu. Lakini fedha zimebadilisha watu wanaokaa kwenye viti. Kabla ya sheria ya 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni ziliongozwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu. Kazi ilipoanza kulipa, wanaume waliiona. Kikapu kimestahimili kuliko michezo mingi kwa sababu ya mila hii ya kuitana na kurithishana. Wanaume wamo katika benchi la Columbia pia, na wanapewa heshima ile ile: Fred Chmiel aliondoka kwenda kuongoza Bowling Green mwaka 2023, Winston Gandy akaenda Grand Canyon mwaka 2025. Msaidizi akiondoka kwenda kuwa mkuu mahali pengine, benchi hushangilia. Huhesabiwa kama kuoza binti, si kama kuibiwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kasi. Wachezaji sasa wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mmoja, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Binti anaweza kupita mikononi mwa makocha wa vyuo vitatu kabla hajahitimu. Wapo wanaonufaika. Mkenya Madina Okot alicheza Zetech University, akaenda Mississippi State mwaka 2024, na mwaka uliofuata akahamia South Carolina. Lakini somo hawezi kumfunda mtu aliyekaa naye miezi minane tu kama alivyomfunda aliyekaa naye miaka minne, na Sessions wa kesho hawatatoka kwa wachezaji wapita njia.

Kwa hiyo, mzazi wa Nairobi, Mwanza au Kampala ambaye binti yako ameanza kupigiwa simu kutoka Marekani, usianze kwa kuuliza ukubwa wa uwanja wala kiasi cha fedha. Muulize msaidizi anayepiga simu amekaa hapo miaka mingapi, alilelewa na nani, wachezaji wangapi wa zamani wamerudi kufanya kazi kwenye benchi lao, na ni nani hasa atakayekwenda kumpokea binti uwanja wa ndege. Akikosa majibu, mshukuru kwa adabu na usubiri simu ya chuo kingine.