Dhahabu Kidogo, Ufundi Mwingi

Vito vya dhahabu vya kutengenezwa kwa mkono vikitajwa, mkazi wa mtaa wa Njiru, Nairobi, huenda akafikiria maduka ya Westlands na harusi za wenye nazo. Kwake yeye zimebaki pete za shaba zilizopakwa rangi ya dhahabu, na hazina ubaya mradi muuzaji aseme wazi ni za kupaka. Kwa maoni yangu, mawazo hayo yako kichwa chini miguu juu. Masonara wa kale walifanya kazi dhahabu ikiwa adimu, wakajifunza kuitandaza. Ndiyo maana mbinu zao zinamfaa mtu wa kipato kidogo kuliko tajiri.

Mtazame faru wa Mapungubwe, aliyetengenezwa karne ya 13 karibu na Mto Limpopo, katika ufalme uliofanya biashara na pwani ya Bahari ya Hindi. Ana urefu wa kama sentimita 15 na kwa macho ni mzito, kumbe ni bati jembamba la dhahabu lililofuliwa, likavikwa umbo la mti na kugongomewa kwa vijimisumari vya dhahabu. Mti umeoza zamani. Faru bado yupo.

Ubahili huohuo, tena ubahili wa heshima, umo katika kazi ya waya ambayo masonara wa pwani wameitumia kwa vizazi vingi. Sonara huyeyusha dhahabu, huifua iwe kijiti, kisha huivuta kwenye chamburo, kile chuma chenye matundu yanayozidi kupungua, mpaka apate waya mwembamba kama unywele. Kila baada ya matundu machache huipasha moto, maana dhahabu iliyovutwa hukakamaa na kukatika. Waya husokotwa, hupindwa maua na kuunganishwa kwa lehemu, na sehemu kubwa ya kipuli hubaki uwazi mtupu. Vipo pia vitone: vipande vya waya hutiwa katika unga wa makaa, na moto ukikolea vinajiviringa vyenyewe. Waetruria wa Italia walivipanga vitone hivyo kwa mamia bila lehemu kuonekana, na siri yao ikapotea hadi miaka ya 1930, Mwingereza H. A. P. Littledale alipoonyesha njia mojawapo. Chumvi ya shaba huchanganywa na gundi. Gundi ikiungua huiacha shaba tupu, nayo shaba hushikana na dhahabu kwenye joto la chini ya nyuzi 1064, ambapo dhahabu safi ingeyeyuka yote.

Atasema mtu kwamba hata mashine hutoa vito vyepesi. Ni kweli, lakini kipuli cha bati la mashine kikibonyea ni vigumu kukinyoosha, ilhali cha waya hubadilishwa ua lililovunjika tu. Wengine watauliza fundi atatoka wapi. Kando ya Kangundo Road wapo wachomeleaji wanaosoma rangi ya chuma motoni kila siku. Wakifundishwa moto mdogo na mkono mwepesi, hawaanzi sifuri. Ninachohofia zaidi ni tindikali na moshi wa lehemu yenye kadimiamu ndani ya chumba cha kupanga kisicho na dirisha. Kazi hiyo haifai kufanyiwa mahali wanapolala watoto.

Pingamizi lenye uzito hasa ni la akiba. Anayenunua dhahabu kuukuu hulipia uzito na karati, maua hayamhusu. Hilo silipingi: anayeweka akiba na anunue bangili nzito isiyo na nakshi. Anayetaka kuvaa ana hesabu nyingine. Pete ya gramu 2 ya karati 18 ina gramu 1.5 za dhahabu halisi, na pesa zote zinazozidi thamani hiyo ni za mikono. Basi kabla hujalipa, mwambie sonara apime mbele yako, na kwenye risiti aandike bei ya dhahabu peke yake na bei ya ufundi peke yake. Akikataa, nenda kwa mwingine.