Mjane, Sheria na Wajibu wa Mchungaji

Mjane wa Mhunze anapofukuzwa nyumbani na ndugu wa marehemu mumewe, mara nyingi humwendea mchungaji kabla ya kumwendea hakimu, kwa kuwa nauli na ada ya wakili ni mzigo kwake. Yafaa basi tujue la kumwambia baada ya maombi.

Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Hutazamiwa kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kuwa haki zao zimekiukwa. Wajane hao walifika huko kwa sababu walipata wanasheria wa kuwasaidia.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hao hueleza haki, huelekeza mahali pa kupeleka shauri na hupatanisha, bila malipo. Hawaruhusiwi, hata hivyo, kumwakilisha mtu mahakamani. Kazi hiyo ni ya wakili.

Mchungaji naye ana sehemu yake. Katika mirathi, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini, ili kujua kama itumike sheria ya kimila au nyingine. Kwa hiyo cheti cha ndoa na daftari la usharika vyaweza kuwa ushahidi, vitunzwe. Tena mjane aelezwe mapema kwamba rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Anayengoja matanga mengine na vikao vya ukoo aweza kuupoteza muda huo.

Luther, akifafanua amri ya saba, hakuishia katika kukataza wizi. Alitutaka tumsaidie jirani kuilinda mali yake. Mjane wa Luka 18 alikwenda kwa kadhi peke yake. Usharika usimwache wa kwetu aende hivyo.