Je, Wajua? Mafuta Huchukua Kile Maji Yalichoacha

Je, wajua kwamba Zanzibar parachichi huitwa pia embe mafuta? Aliyelibuni jina hilo hakuwa na maabara, alikuwa na ulimi tu, na hakukosea. Nyama ya tunda lililokomaa vizuri huwa na mafuta ya asilimia 15 hadi 30, na nyama ndiyo inayokamuliwa, si kokwa. Kwa hiyo jamaa zake katika ukoo wa mafuta ni zeituni na chikichi, wala si alizeti au simsim ambazo hukamuliwa mbegu. Ukifika Sironga, kaunti ya Nyamira, tunda ni avokado na mafuta ni amaguta, neno la Ekegusii ambalo Mswahili hulitambua kabla hajatafsiriwa.

Je, wajua kwamba avokado haliivi likiwa mtini? Hukomaa huko juu, lakini halilainiki mpaka lichumwe au lidondoke. Ndiyo maana wanaouza hulificha kwenye gunia au kwenye majani ya ndizi.

Kupata mafuta yake nyumbani hakuhitaji mashine. Nyama iliyoiva hupondwa ikawa uji, ikabandikwa kwenye moto mdogo na kukorogwa bila kuchoka hadi maji yakauke na uji ugeuke rangi, kisha ikakamuliwa kwa kitambaa safi. Yatokayo ni ya kijani, mazito, na kwa kweli ni machache ukiyalinganisha na karai zima la matunda uliyoyaponda. Viwandani hutumia mashine inayozungusha uji kwa kasi hadi mafuta yajitenge na maji bila moto mkali. Olivado, kampuni yenye asili ya New Zealand, hufanya kazi hiyo Murang'a. Yakisafishwa, mafuta hayo huvumilia moto wa zaidi ya nyuzi 250 kabla ya kutoa moshi, kwa hiyo hayaogopi kikaangio.

Je, wajua ni kwa nini chinsaga hupikwa kwa maziwa? Mmoja atakuambia ni kupunguza uchungu, na ni kweli. Lakini mboga hiyo, ambayo wengine huiita mgagani, imejaa karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na karotini haiyeyuki ndani ya maji. Huyeyuka ndani ya mafuta. Maziwa yenye malai huibeba hadi tumboni ikafaa, ilhali mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hupita na sehemu kubwa ya mali yake. Waliobuni pishi hilo hawakuwahi kulisikia neno karotini.

Pareto ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa maua hayo meupe, na nyanda za Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa mashamba yake makuu kabla ya kilimo hicho kudorora. Sumu ya pareto inayoua mbu na viroboto haitoki kwenye ua kwa maji. Viwanda huitoa kwa vimiminika vya jamii ya mafuta. Ukilichemsha ua kama chai, utapata maji ya njano na mbu wako watabaki salama.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya mafuta ya mitishamba. Jani hulowekwa ndani ya mafuta, mafuta hupashwa taratibu, na kile ambacho maji yangekiacha kwenye makapi huhama: harufu ya rosmari, ukali wa tangawizi, ulimau wa mchaichai.

Je, wajua kwamba chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo kina jina la mwanamke? Ni bakuli la mafuta lililoketishwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ili moto usiyaguse mafuta moja kwa moja. Wafaransa hukiita bain-marie, yaani bafu la Maria, na simulizi za kale zinamtaja Maria Myahudi, mwanamke mjuzi wa alkemia aliyehusishwa na Misri ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Sironga chombo hicho ni salama zaidi kuliko Mombasa. Kaunti ya Nyamira inapanda hadi takriban mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Mafuta yaliyo juu yake hayawezi kupita hapo hata ukiongeza kuni. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya maharagwe ya huko yakawie kuiva, kwa hiyo usimlaumu mpishi.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula vitunguu saumu vilivyohifadhiwa ndani ya mafuta. Kiini kilikuwa vijidudu vya botulizimu, ambavyo hupenda mahali pasipo hewa, na chupa ya mafuta ni mahali hasa pasipo hewa. Jani bichi lina maji, na maji ndiyo makazi yao. Ndiyo maana wajuzi hukausha majani kabisa kabla ya kuyaloweka, huyachuja yote wakimaliza, na ya kitunguu saumu kibichi huyatunza kwenye friji kwa siku chache tu. Mafuta yenye sumu ya vijidudu hivyo hayanuki wala hayabadiliki rangi.

Je, wajua kwamba si kila jani linalonukia vizuri ni la kuliwa? Mfano upo pale pale Sironga, ambako mikaratusi imepandwa ndani ya eneo la kinamasi na kufyonza maji yake. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru miti hiyo iondolewe kwenye vyanzo vya maji nchini. Mafuta ya mkaratusi hufungua pua na hutiwa matone machache kwenye mafuta ya kukandia kifua au mgongo. Ukiyanywa ni sumu, na kwa mtoto mdogo hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumpeleka hospitalini.

Sasa tulifikie jani ambalo watu hulizungumzia kwa sauti ya chini. Je, wajua kwamba ndani ya neno bangi mna maziwa? Limetoka bhang ya Wahindi, na bhang ya jadi ni majani yaliyosagwa na kunywewa pamoja na maziwa yenye viungo, hasa siku ya sikukuu ya Holi. Maziwa hayo si pambo. Kilevi cha bangi, kiitwacho THC, nacho hukataa maji na kukumbatia mafuta. Kilitengwa na kutambuliwa mwaka 1964 nchini Israeli na Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni, ingawa wapishi wa India walikuwa wamekwisha kukamata tabia yake karne nyingi kabla. Na jani bichi lenyewe halileweshi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kilevi hicho kimefungwa ndani ya asidi inayohitaji joto ili iachie.

Kulichanganya kwenye mafuta ya kupikia huleta balaa la aina yake. Moshi hupanda kichwani kwa dakika, lakini chakula hupitia ini kwanza, na ini huibadilisha THC kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Dalili huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza. Mtu hula kipande, husubiri, huona hakuna kitu, hula kingine, kisha vyote viwili vinamfikia kwa pamoja. Mapigo ya moyo hukimbia, hofu humshika, na wapo wanaoapa kwamba wanakufa. Kinachotisha zaidi ni keki iliyosahaulika mezani, kwa sababu mtoto hajui tofauti. Kwenye ngozi mambo ni kinyume: kilevi hicho hupenya kidogo sana hadi kwenye damu, kwa hiyo anayekandwa kwa mafuta hayo halewi. Afueni anayoihisi hutoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa mkandaji na kwenye joto la mafuta yenyewe.

Kenya haibagui mafuta ya kupikia na ya kukandia. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inayataja mafuta ya bangi kando ya majani na utomvu wake, kwa hiyo kuyatengeneza kwenye jiko lako ni kosa la kukupeleka kizimbani. Waliojaribu kuibadilisha wapo. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipendekeza mswada mwaka 2018, na alifariki mwaka uliofuata kabla haujafika popote. Jumuiya ya Marasta ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021. Mwaka 2022 mgombea urais, Profesa George Wajackoyah, aliwaahidi Wakenya kulipa madeni ya taifa kwa bangi, akavuta umati na vichekesho vingi, akapata kura 61,969. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba, lakini kwa soko la nje tu.

Na je, wajua ni mafuta gani wenye viwanda vya dawa waliyachagua? Simsim! Marinol, dawa yenye THC iliyotengenezwa maabara, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, huja kwenye vidonge vyenye mafuta ya simsim. Epidiolex, iliyoidhinishwa 2018 kwa aina nzito za kifafa, nayo imeyeyushwa ndani ya simsim, ila yenyewe ina sehemu ya mmea isiyolevya. Kipimo chake huhesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, jambo ambalo kijiko cha jikoni hakiwezi.

Anayetaka kukanda mgongo bila kuitafuta kesi ana mali nyingi karibu. Pemba, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi au ya avokado hutosha, maana yakitumika matupu huichoma ngozi. Nguvu yake ni eujenoli, ambayo hutia ganzi. Waganga wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na harufu ile inayokupokea mlangoni mwa kliniki, inayowafanya watoto wageuke warudi nyumbani, ni ya karafuu.