Mafuta ya Jikoni Ndani ya Tangi la Pikapu



Mama wa nyumba aishiye Nakuru anajua jambo ambalo mwenziwe wa Mombasa hajaliona kwa macho yake. Akiamka alfajiri ya mwezi wa Julai, huikuta chupa ya mafuta ya kupikia imepoteza uwazi wake. Chini kumetuama kitu cheupe mfano wa uji, na pengine mafuta yote yameshikana hata hayamiminiki. Hasemi kwamba yameharibika. Huisogeza chupa karibu na jiko, mafuta yakayeyuka, naye akaendelea na maandazi yake. Lakini mafuta ya asili hiyo hiyo yakiganda ndani ya tangi la gari, hakuna jiko la kuyasogezea, na gari haliondoki.

Tumeitanguliza chupa hiyo kwa kuwa jamaa zetu wengi wa Bonde la Ufa, wa Bondeni mjini Nakuru, wa Njoro, Molo na Naivasha, riziki yao imo katika pikapu ya dizeli. Ndiyo ishushayo viazi, karoti na njegere kutoka miinuko ya Mau na Kinangop, na sehemu ya viazi hivyo hufika hata Kongowea, kisha ikawa viazi karai vya watoto wetu. Oktoba 2023, bei ya dizeli jijini Nairobi ilipopita shilingi 200 kwa lita, wenye magari walizidi kuuliza habari za biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya mimea. Wanaume huuliza itapunguza gharama kiasi gani. Sisi tungependa na mabibi waulize: itawekwa wapi, na nani?

Wazo lenyewe si geni. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikafanya kazi. Hata hivyo mafuta mabichi ya mimea ni mazito mno kwa injini za leo. Huziba nozeli na kuacha masizi. Kwa sababu hiyo huchanganywa na methanoli, ambayo ni aina ya spiriti yenye sumu kali, pamoja na kostiki kidogo. Mchanganyiko ukitulia hujitenga: gliserini nzito hushuka chini, na juu hubaki mafuta mepesi ya rangi ya asali. Hayo huoshwa, hukaushwa, ndipo yakatiwa tangini, aghalabu yakiwa yamechanganywa na dizeli ya kawaida.

Nchi yetu imewahi kuipata homa ya mafuta haya. Miaka ya 2000 mkulima aliambiwa apande mbono kaburi, naye atatajirika. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, ambao kituo cha ICRAF cha Nairobi kilishiriki, ulionyesha kwamba mkulima mdogo hapati faida kwa kuupa mbono shamba zima. Unafaa kupandwa kuwa ua tu. Huku kwetu Pwani, mpango wa kufungua mashamba ya mbono katika msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, uliwatia wenyeji hofu ya kupoteza ardhi yao, wakaupinga. Makueni kuna kinu cha kampuni ya Eni kilichoanza kukamua mbegu mwaka 2022, lakini mafuta yake yalipakiwa meli yakaenda Italia. Mwenye pikapu wa Molo hayaoni. Kilicho karibu naye ni mafuta yaliyokwisha kukaangiwa: ya chipsi, ya bhajia, ya maandazi, ya samaki.

Na hapo ndipo inaporudi ile chupa ya alfajiri. Mafuta ya kukaangia ya Kenya, kwa sehemu kubwa, ni ya mawese. Biodizeli itokanayo na mawese huanza kuingia ukungu joto likishuka kufikia nyuzi 15 au karibu yake, ilhali Nakuru usiku hushuka chini ya hapo mara nyingi, na huko Molo na Kinangop baridi huzidi sana. Mafuta yaliyotengenezwa Mombasa yakatiririka kama maji yaweza kuziba filta ya gari lililolala usiku mmoja Mau Summit. Mafuta ya alizeti yana nafuu, kwani hustahimili baridi zaidi. Mtu asitegemee maneno ya muuzaji. Na ajaze chupa ndogo, aiache nje usiku kucha kule kule anakolaza gari, aitazame asubuhi. Ikiwa nyeupe, mafuta hayo hayamfai peke yake. Kwa wakaao miinukoni, tunaona kupita sehemu 20 za biodizeli katika 100 ni kujitafutia taabu barabarani, na katika miezi ya baridi hata hizo ni nyingi.

Tuje kwenye kuhifadhi. Dizeli ya petroli yaweza kukaa muda mrefu bila kulalamika. Biodizeli asili yake ni chakula, nayo huharibika kama chakula. Aliyewahi kunusa samli iliyokaa wazi anajua hewa inavyoyafanya mafuta yachache. Biodizeli ikikutana na hewa, joto na mwanga hugeuka asidi, ikafanya utando na matope. Maji ni adui mwengine, kwa sababu biodizeli huyavuta maji kuliko dizeli ya kawaida. Pipa lililojaa nusu hupumua: mchana hupata joto, usiku hupoa, na unyevu huganda kwenye kuta zake za ndani kama jasho. Matone hushuka chini, na pale maji yanapokutana na mafuta vijidudu huota, vikafanya ute unaoziba filta.

Kwa hiyo chombo kijazwe hadi karibu na mdomo, kifungwe barabara, kiwekwe kivulini. Mtungi wa plastiki ngumu isiyopitisha mwanga unafaa, na pipa safi la chuma lisilo na kutu pia. Shaba, risasi na bati lililopakwa zinki havifai, kwani huharakisha kuoza kwa mafuta. Tarehe iandikwe juu ya chombo, kama aandikavyo mama kwenye achari yake, na cha zamani kitangulie kutumika. Miezi sita ndiyo kikomo kinachotajwa na wengi. Kwa joto la Mombasa au Malindi sisi hatungengoja hata mitatu. Mwenye gari linalotoka mara moja kwa wiki asinunue pipa zima kwa ajili ya bei nafuu.

Kuhusu gari lenyewe tutasema machache, maana fundi yupo. Biodizeli huosha. Ikiingia katika tangi lililotumika miaka kumi na mitano hung'oa uchafu wote uliolala humo na kuupeleka kwenye filta, na wengi hudhani injini imekufa. Mwenye kuanza awe na filta ya akiba garini, aanze na sehemu 5 katika 100. Magari ya zamani, yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, huenda yana mipira ya asili ambayo biodizeli huilainisha hadi ikavuja. Magari mapya nayo yana masharti yake: watengenezaji wengi hawaruhusu kupita sehemu 5 au 7, wachache hufika 20. Kitabu cha gari kisomwe.

Linalotutia hofu hasa ni mtu kuipika biodizeli nyuani kwake. Watu wa Nakuru hawahitaji kufundishwa moto wa mafuta. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota kwa mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Ni kweli kwamba biodizeli iliyokamilika haishiki moto upesi kama petroli, wala hata kama dizeli ya kawaida. Methanoli ya kuitengenezea hushika upesi sana, na mwali wake mchana hauonekani vyema. Mtu huweza kuungua kabla ya kujua kuna moto. Mvuke wake ni sumu, nayo hupenya hata ngozini. Mei 2014, makumi ya watu nchini, Embu na Kiambu wakiwemo, walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na miongoni mwa walionusurika wapo waliopofuka. Kitu kama hicho hakikai nyumba moja na watoto. Anayetaka biodizeli na ainunue iliyokwisha kutengenezwa.

Hata iliyokwisha isitiwe katika chupa ya soda wala ya maji. Rangi yake ya asali humwita mtoto, na ni chupa kama hizo zilizowapeleka watoto wengi hospitali kwa kunywa mafuta ya taa. Vitambaa vilivyofutia mafuta haya navyo visirundikwe pembeni, kwa kuwa hujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka bila kiberiti. Vitandazwe uani vikauke, au vilowekwe majini.

Limebaki suala wanalotuletea wenye kununua mafuta machakavu kutoka hoteli za watalii za Naivasha, ambako huenda nguruwe amekaangwa humo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kulijadili kwa taa na kwa majahazi: mafuta yaliyonajisika yaweza kuwashia taa nje ya msikiti na kupakwa vyomboni, lakini mafuta ya mzoga hayauzwi wala hayanunuliwi, na ya nguruwe wakayakazia zaidi. Majiko ya aina hiyo na yaachwe. Mama wa maandazi, muuza bhajia na mwenye mgahawa wa samaki wana mafuta ya kutosha, nao walipwe kwa lita, kwani ni mali yao. Na mama anayeuza amwulize mnunuzi yanakokwenda, na ayatie rangi au taa kidogo kabla ya kuyatoa, ili yasije yakachujwa na kurudi sokoni kama mafuta ya kupikia.