Lango la Serikali na Mwenye Duka wa Kisenyi

Kisenyi, hatua chache kutoka soko la Owino jijini Kampala, ni mtaa wa vinu vya mahindi, vyuma chakavu, mabasi ya safari za mbali na maduka ya Wasomali. Mganda, Mkongo na Msomali wakutanapo katika biashara, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowapatanisha, kama kilivyo katika kambi za majeshi na vituo vya polisi.

Mke wa askari afunguaye duka la unga mtaani humo hana budi kuwa na leseni. Zamani alipanga foleni dirishani, fedha mkononi, na si kila shilingi aliyoitoa ilifika katika hazina. Mamlaka ya Jiji, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011, ikaunda lango la kompyuta liitwalo eCitie. Mfanyabiashara hujiandikisha humo, hupata namba ya malipo, kisha hulipa benki au kwa simu. Kati ya mwaka 2011 na 2015 mapato ya Jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu, ijapokuwa si kwa sababu ya lango peke yake.

Lango hujengwaje? Fundi wa milango ya chuma akishapata kiunzi kizuri hakipimi upya kwa kila mteja. Hubadili mabamba, rangi na kitasa. Waunda programu nao hutumia kiunzi: sehemu ya kumtambua mtu, ya kupokea malipo na ya kutoa risiti huundwa mara moja tu. Huduma mpya ikihitajika, iwe leseni au ada ya soko, huongezwa kama chumba katika nyumba iliyokwisha simama. Nyumba yenyewe yaweza kuwekwa katika kile wataalamu wakiitacho wingu, yaani kompyuta kubwa zilizo mbali, ambazo nguvu yake hukodishwa kwa kadiri ya haja. Msimu wa leseni ukifika na watu wakawa wengi, nguvu huongezwa; ukipita, hupunguzwa.

Lakini malango mengi ya Serikali yetu huzungumza Kiingereza. Asiyekijua huenda kwa kijana wa kibanda cha intaneti, akamwachia kila kitu pamoja na neno la siri. Hapo ndipo penye hatari, mama. Kijana akiandika namba ya simu yake badala ya yako, taarifa zote zitakwenda kwake, na ukisahau neno la siri, ufunguo mpya utakuwa mkononi mwake. Sisitiza namba iwe yako, na neno la siri uliandike wewe mwenyewe.

Na kiunzi kilichoundwa vema huweka maneno yaonekanayo mbali na mitambo, hata lugha ya pili huongezwa bila kubomoa ukuta. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo kinachotakiwa si kununua mashine mpya. Ni kuwakalisha mezani mtaalamu wa lugha, mtu wa kompyuta na, kwa maoni yangu, mwenye duka mmoja wa Kisenyi, ili wakubaliane maneno ya ada, faini na marejesho yaandikweje hata yeye ayaelewe.