Nanomita chache zinapoamua habari ya figo

Na Daktari Wetu

Kijana wa miaka 22, mkazi wa ghorofa mojawapo hapa Pipeline, aliletwa kwangu na mama yake baada ya kupimwa afya akitafuta kazi. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya kawaida machoni, lakini ulipopimwa ulionekana kuwa na damu. Hakuwa na maumivu yoyote, na dawa za kuua viini alizopewa kwingine hazikusaidia. Tulipokuwa tukiagana, mama akataja kama jambo la kupita tu kwamba ndugu yake, yaani mjomba wa kijana, husafishwa damu kwa mashine tangu ujanani, na masikio yake pia ni mazito.

Niliwarudisha wote wawili wakaketi. Baada ya vipimo kadhaa kijana alitolewa kipande cha figo kwa sindano, chembamba kama uzi, kikapelekwa kwa wataalamu. Ripoti ilisema utando wa vichujio vya figo una unene wa nanomita 245, kwa hivyo ni mwembamba kuliko kawaida, hali ambayo aghalabu haina madhara. Mama alimshukuru Mungu. Mimi sikuridhika, na leo nataka kumweleza msomaji kwa nini.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Ndani ya kila kichujio mna utando unaozuia damu isipite pamoja na mkojo. Unene wake kwa mtu mzima ni kati ya nanomita 300 na 400 hivi, na ukiwa chini ya 250 huhesabiwa kuwa mwembamba. Chukua milimita moja uigawe mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa kichwa una nanomita 80,000 hivi.

Hadubini ya kawaida, ile tunayotumia kutafutia malaria, huona kwa mwangaza, na mwangaza hushindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi. Utando huu basi huonekana kama ukungu tu. Ndiyo sababu hutumiwa hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliunda ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, miaka 55 baadaye. Ndani ya mashine hiyo elektroni hurushwa kwa nguvu ya volti 80,000 au zaidi katika bomba lisilo na hewa. Lenzi zake si vioo bali ni koili za waya zenye sumaku, ambazo hukusanya mwale huo na kuupitisha katika kipande cha figo kilichokatwa chembamba mno.

Nairobi si mgeni wa chombo hiki. Katika maabara ya ILRAD kule Kabete, ambayo leo ni sehemu ya ILRI, mtaalamu Don Fawcett aliyetoka Chuo Kikuu cha Harvard alifanya kazi miaka ya 1980, na kwa hadubini ya elektroni yeye na wenzake walionyesha jinsi viini vya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, vinavyoingia ndani ya seli za damu.

Lakini kuona ni jambo moja na kupima ni jingine. Fikiria mashine hiyo ikiwekwa kwenye ghorofa ya sita hapa kwetu. Lori likipita Outering Road vikombe hulia kabatini. Jirani akiwasha pasi, balbu yako hufifia. Mtikisiko ambao wewe huuhisi kamwe huivuruga picha iliyokuzwa mara 20,000, na volti zikiyumba mwale hukosa shabaha. Kwa hiyo mashine hizi huwekwa orofa ya chini, juu ya saruji nzito, mbali na lifti na nyaya kubwa za stima, na zile bora kabisa huhitaji umeme usioyumba zaidi ya sehemu moja katika milioni.

Kuna kosa jingine la kichinichini, na hili ndilo lililonitia wasiwasi. Chuma cha lenzi hukumbuka. Fundi akishusha ukuzaji kutoka juu, chuma hubaki na sumaku kidogo ya awali, na picha hutofautiana na ile ambayo angepata kwa kupanda kutoka chini, ingawa mashine inaandika namba ile ile. Mashine isiyokaguliwa inaweza kukosea asilimia tano, hata kumi. Sasa piga hesabu. Utando wa nanomita 270, ukipunjwa asilimia kumi, utasomwa 243. Mtu mwenye utando wa kawaida ataambiwa ana utando mwembamba, na picha yenyewe itakuwa safi na ya kupendeza!

Dawa yake ni rula. Maabara makini hupiga picha ya kibao kilichochorwa mistari 2,160 katika kila milimita, yaani nanomita 463 kutoka mstari hadi mstari, kisha hurekebisha vipimo vyake kwa picha hiyo. Ziko rula nyingine ndogo zaidi zinazochorwa kwa mwale wa elektroni wenyewe. Ni kazi ya aina hiyo inayotumika kuchora vibao vya kutengenezea vipuli vya simu uliyo nayo mfukoni, na huko pia mwale ukipotoka nanomita chache kazi nzima hutupwa.

Nilirudia ripoti ya kijana. Namba 245 ilipungukiwa na mpaka kwa tano tu, picha haikuwa na alama ya kipimo, na sehemu zilizopimwa zilikuwa mbili. Niliandika barua kuomba kazi irudiwe, na nakiri kwamba haikuwa barua ya upole. Mara ya pili walianza na rula, wakapima sehemu nyingi. Mahali pengi utando ulikuwa wa kawaida, pengine mwembamba, na mahali pengine ulikuwa umechanika matabaka matabaka kama ganda la kitunguu.

Huo ndio ugonjwa wa Alport, uliopewa jina la daktari Cecil Alport aliyeueleza mwaka 1927. Huharibu figo na masikio, na mara nyingi hupitia kwa mama kwenda kwa wana. Hauna tiba ya kuung'oa, lakini dawa za jamii ya ramipril hupunguza shinikizo ndani ya vichujio na kuchelewesha figo kushindwa kazi, hasa zikianzwa mapema.

Kijana ameanza dawa na masikio yake yamepimwa. Mkojo wa mama nao umepatikana na damu. Wadogo zake wawili wa kiume watakuja wiki ijayo shule zikifungwa.